Mtani wa Barazani

Naanza kwa jina lako,
Rabi, na nyumba ni zako,
na walalao ni wako,
na wasio pa kulala.

Sifa njema zote ni zake Yeye aliyeitandaza ardhi ikawa tandiko la waja wake wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wake, aliyezaliwa yatima akalelewa katika nyumba za wengine. Baada ya hayo, hii ni habari ya nyumba moja ya Manundu, mjini Korogwe, katika miaka ile ambayo biashara ilifunguliwa milango na watu wengine wakafungiwa ya kwao.

Mtaa wenyewe uliitwa Bomba Mbili. Mabomba yalikuwapo kweli, moja kila pembe, na waliokulia hapo walikumbuka jinsi maji yalivyokuwa yakiwarukia miguuni wakienda madrasa. Wakati wa kisa hiki bomba la kwanza lilikuwa limeng'olewa koki, na la pili lilikuwa limefungwa mbuzi. Mtaro wa katikati ulikuwa umeziba kwa maganda na matambara. Duka la ushirika lilikuwa na kufuli iliyoota kutu, na mbele yake vijana walimwaga marobota ya mitumba chini, watu wakainama kuchagua.

Mwenye nyumba aliitwa Mbwana, Mzigua wa asili ya Handeni, fundi cherehani na mwadhini wa msikiti mdogo wa mtaa. Zamani alishona kanzu za sikukuu na sare za shule za nusu ya Manundu. Mitumba ilipoingia, kazi yake ikabaki kupunguza suruali za Wazungu wanene ziwaenee Waswahili wembamba. Mkewe, Zamda, alikuwa Mshambaa wa Kwashemshi, mpishi wa vitumbua, mwanamke mwenye maneno machache na kumbukumbu ndefu. Walijaliwa mtoto mmoja, Mhina, ambaye alikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha na bado alikuwa akiyatafuta. Chumba chake kilifungwa, na Zamda alikifagia kila Ijumaa.

Barazani kwao aliishi Habakuki. Huyu hakuwa na jamaa yeyote Korogwe. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, Mkristo wa Moravian, aliyeletwa ujanani pamoja na manamba wenziwe kukata mkonge. Aliukata hadi mikono yake ikawa kama gome la mti. Kisha shamba likauzwa, mwenye mali mpya akataka kambi iwe wazi, na wazee wa kambi wakatoka na masufuria yao kuja mjini kulala penye paa lolote lililochomoza nje ya ukuta. Habakuki alipofika Bomba Mbili alisimama mbele ya cherehani ya Mbwana akauliza, "Hii nyumba ni ya Mzigua?"

"Ni ya Mzigua," Mbwana akajibu.

"Basi ni yangu. Sogea."

Mbwana akasogea. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya pembe, Wanyamwezi walipokuwa wapagazi na njaa ikawafanya Wazigua wajiuze utumwani. Mtani hutukana asikasirikiwe, huchukua asidaiwe, na siku ya msiba yeye ndiye mwenye kazi. Tangu masika ya mwaka juzi, basi, Habakuki alilala juu ya gunia pembeni mwa meza ya cherehani, na wanaume wale wawili walitukanana kutwa nzima kwa mapenzi makubwa.

Asubuhi ya Jumatano Zamda alitoka na kikombe cha uji.

"Shikamoo, mzee Habakuki."

"Marahaba, mama. Umeamkaje?"

"Nimeamka na kikohozi chako. Umekohoa tangu wenzako wamelala mpaka adhana. Baridi ya mtaro ule itakuua. Chumba cha Mhina kina kitanda, nacho hakina mtu."

Zamda, kwa kuwa Mshambaa, hakuwamo katika utani huo, na Habakuki alizoea kumjibu kwa adabu. Lakini safari hii alimtazama Mbwana, aliyekuwa akitunga uzi kwenye sindano.

"Nilale ndani ya nyumba ya Mzigua? Nikiamka nijikute nimeuzwa kwa pishi ya mtama?"

"Nani atakununua?" Mbwana akasema bila kuinua macho. "Meno yenyewe mawili, na moja la kuazima. Mpagazi hana bei. Babu zako walibeba pembe mpaka pwani wakasahau njia ya kurudi."

"Walisahau kwa kuwa walisimama kuwahurumia babu zako. Waliwakuta wanachemsha ngozi ya kitanda."

Wakacheka, na Grasiana, jirani muuza nyanya, akacheka kutoka ng'ambo ya mtaro. Zamda alisubiri kicheko kiishe, kisha akachukua kikombe kitupu akaingia ndani. Mbwana hakuwa amekataa, wala hakuwa amekubali. Moyoni mwake chumba kile kilikuwa cha Mhina, na kumlaza humo mtu mwingine kungekuwa kama kutangaza kwamba Mhina harudi. Jambo hilo hakupata kulisema hata katika dua zake. Alicheka tu, na kicheko kikafanya kazi ya jibu.

Kabla ya adhuhuri likapita gari lenye kipaza sauti. Stendi mpya ya mfanyabiashara mmoja ilikuwa inafunguliwa wiki ijayo, na mgeni mkubwa angekuja kukata utepe. Kwa hiyo wakubwa wa mji walikuwa wameamua kwamba watu wote wanaolala mabarazani, wasio na makazi wala ndugu, wachukuliwe Jumamosi asubuhi wapelekwe upande wa Handeni, wakapewe ardhi walime.

"Walime na nini?" Grasiana akauliza. "Na kucha?"

"Wewe una ndugu," Mbwana akamwambia Habakuki. "Usiwe na wasiwasi."

"Nina ndugu Tabora. Hapa nina watumwa."

Lakini uji wa jioni hakuumaliza.

*

Ijumaa alasiri mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano mbele ya duka la ushirika. Mwenyekiti aliitwa Mustapha, naye pia Mzigua, mtu wa makamo mwenye suti ya mikono mifupi na kofia mpya ya kitambaa. Hakuwa mtu mbaya. Alisaidia kwenye misiba na alijua majina ya watoto. Tatizo lake ni kwamba wakubwa walipomtuma kwa watu alifika haraka, na watu walipomtuma kwa wakubwa alipotelea njiani.

Kabla hajafika, watu walinong'onezana juu ya nani aseme. Kila mmoja alikuwa na neno, ila kila mmoja alikuwa na meza, au kibanda, au mtoto aliyeombewa kazi.

"Nikisema mimi," Grasiana akaeleza, "kesho nyanya zangu ziko mtaroni. Aseme mzee Mbwana, mtu wa msikiti."

"Mimi na Mustapha tunaitana kaka," Mbwana akasema. "Atadhani nimekosa heshima." Kisha akapata wazo, na wazo lilimpendeza sana. "Mwacheni Habakuki aseme. Mustapha ni Mzigua. Mtani akimtukana hana ruhusa ya kununa, wala kumfanyia mtu ubaya."

Kila aliyesikia aliona hiyo ni hekima. Hivyo Mustapha alipomaliza kusoma amri na kuuliza kama kuna maswali, Habakuki alijiinua kwa fimbo yake.

"Mustapha, mtumwa wangu, simama vizuri nikuone. Tumbo hilo umelipata wapi, na mtaa wote umekonda?"

Watu wakaangua kicheko. Mustapha akatabasamu, akajua utani umeanza.

"Nilipofika Korogwe mabomba haya yalitoa maji. Ninyi Wazigua mmekunywa maji, mkaona hayatoshi, mkala na koki. Mtaro ule umeziba mpaka mbu wake wana wajukuu. Wagonjwa wanabebwa na matoroli, taa ya barabarani inawaka siku ya uchaguzi. Mimi nimekata mkonge. Kila kamba iliyofunga mzigo katika dunia hii inanijua. Leo unataka kunifunga mimi unitupe ndani ya lori kama robota la mitumba, kwa sababu mgeni wako asije akaona mtu mzee amekaa. Unanipeleka Handeni nikalime. Handeni si ndiko kwenu? Kama ardhi yake ni njema hivyo, mbona uliikimbia na miguu yote miwili?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mbwana alicheka akafuta machozi kwa ncha ya kanzu. Mustapha mwenyewe aliinama akacheka, kisha akavua ile kofia mpya, akaja akamvika Habakuki kwa mikono miwili, kama desturi inavyotaka mtu aliyeshindwa na mtani alipe.

"Mtani amenimaliza," akasema. "Sina la kujibu. Jamani, tumekutana, tumecheka, tumefurahi. Mkutano umefungwa."

Wakatawanyika wakirudiarudia habari ya mbu na wajukuu zao. Walikuwa wamefika nyumbani, na wepesi umewaingia vifuani kama watu waliotua mzigo, ndipo Zamda alipouliza.

"Amesemaje kuhusu lori?"

Mbwana na Habakuki wakatazamana.

"Amenipa kofia," Habakuki akasema.

"Kofia naiona. Lori je?"

"Lori hakulitaja, mama."

*

Lori lilikuja baada ya jua kuchomoza, na mgambo sita nyuma. Mkubwa wao aliitwa Eliasi, kijana wa mkoa mwingine, mwenye buti kubwa na usingizi machoni. Hakuwa amelala. Tayari wazee kadhaa walikuwa wamekaa ndani ya lori na mablanketi yao, kimya, kama watu waliozoea kupakiwa.

"Huyu mzee anayelala hapa ni nani wako?" Eliasi akamwuliza Mbwana.

Mbwana alikuwa amelitayarisha jibu tangu sala ya alfajiri. Alikuwa ameupima ukweli wake mbele ya Mola, akaona kwamba mtu anayekula nawe na atakayekuzika, ukimwita ndugu hujasema uongo.

"Ni ndugu yangu," akasema.

Watu wa mtaa walikuwa wamesimama milangoni. Eliasi akamgeukia Habakuki, aliyeketi juu ya gunia lake na kofia ya Mustapha kichwani.

"Ni kweli, mzee? Huyu ni ndugu yako?"

Sasa, huyu ni mtu ambaye tangu ujana wake hakupata kumjibu Mzigua kwa jibu moja lililonyooka. Alisikia Mzigua akimwita ndugu hadharani, majirani wakitazama, na ulimi ukatangulia kabla ya akili kuvaa viatu.

"Ndugu? Mimi na Mzigua? Mungu apishe mbali. Huyu simjui. Babu zake tuliwaokota njiani, tukawarudisha kwa kukosa mnunuzi. Nakaa hapa kumlinda asitoroke."

Milangoni wakacheka, kama walivyocheka siku zote. Eliasi hakucheka.

"Mzee amesema mwenyewe hamjui," akawaambia wenzake. "Mpandisheni."

"Huo ni utani, mwanangu," Mbwana akasema, akishuka ngazi bila viatu. "Huyu ni Mnyamwezi na mimi Mzigua. Hivyo ndivyo tunavyosema."

"Mzee, leo kila ninapofika naambiwa hadithi. Nimetumwa kuuliza swali moja. Nimeuliza, na amejibu."

"Kijana," Habakuki akaanza. "Nilikuwa..."

Lakini mgambo wawili walikwisha kumshika makwapani, si kwa ukali, kama mtu anavyomwinua mgonjwa, na neno likamkatikia. Zamda alikimbia ndani akatoka na shuka, akalitupia juu ya ubao wa lori. Gari likawaka. Habakuki alishika ubao kwa mikono yake ile ya gome, akamtafuta Mbwana kwa macho.

"Mzigua," akaita. "Usiuze gunia langu."

Mbwana alifungua kinywa kurudisha. Lori likakata pembe kabla neno halijatoka.

*

Siku hiyohiyo alivaa viatu akaenda kwa Mustapha. Walimweka kwenye benchi la nje, jua likimpiga magoti, hali akisikia ndani vijiko vikigonga vikombe na watu wakizungumzia viti vya wageni wa stendi. Alikaa mpaka kivuli cha ukuta kikamfikia na kumpita. Mara mbili mtu alitoka akamwambia, "Subiri kidogo, babu," na mara zote mbili mtu huyo alikuwa anatafuna.

Mustapha alipotoka alimwamkia vizuri.

"Shikamoo, kaka Mbwana. Samahani, mambo ni mengi. Karibu chai."

"Marahaba. Chai nimeshiba. Wamemchukua Habakuki."

"Nimesikia. Nimeambiwa alikukana mwenyewe mbele ya watu."

"Alitania. Wewe ni Mzigua, hufundishwi."

Mustapha akakaa karibu naye kwenye benchi, akapunguza sauti. "Kaka, lori si langu, stendi si yangu, mgeni si wangu. Mimi ni mwenyekiti wa mabomba mawili yasiyotoa maji. Nikipanda juu kusema walirudishe lori kwa sababu ya utani, watanicheka."

"Jana uliambiwa habari ya lori mbele ya mtaa mzima. Ukacheka."

"Nilicheka," Mustapha akakiri. "Ningefanya nini? Ningejibu kwa ukali, mngesema sijui utani. Mliniletea neno zito ndani ya kicheko, nikapokea kicheko. Na wewe ulicheka, kaka. Nilikuona. Ulicheka kunipita."

Mbwana alirudi nyumbani akaketi kwenye cherehani asishone. Zamda alikuja akakaa kwenye ngazi, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Baba Mhina, umemkasirikia yule kijana wa mgambo?"

"Nitaachaje kumkasirikia? Mtu anatania, yeye anafanya ni jibu."

"Ameuchukua utani kuwa jibu mara moja," Zamda akasema. "Wewe umeuchukua tangu masika ya mwaka juzi."

"Chumba alikataa mwenyewe. Ulimsikia."

"Nilimsikia akitania. Mtu asiye na kitu atasemaje? Apige magoti aombe kitanda cha mwanao? Alikupa mzaha ili usione aibu kumnyima, nawe ukaupokea. Na mimi sina haki ya kujisifu. Ufunguo wa chumba kile uko kwenye kanga yangu. Ningeweza kufungua nikaweka gunia lake kitandani. Nilikuwa nakifagia kwa ajili ya Mhina."

Wakati wa magharibi Mbwana alikwenda kuadhini, na watu wa mtaa wakaona sauti yake imekatika katikati ya mwito, ikasimama, ikaendelea.

*

Habari ililetwa na Siamanta, mwanamke wa Kimasai aliyekuja Manundu kila mnada na vibuyu vya maziwa na mizizi ya dawa, kutoka nyika ya Handeni. Alileta shuka lake la lubega lipindwe ncha. Akaangalia pembe tupu ya baraza.

"Yule mzee wenu yuko wapi?"

"Walimpeleka Handeni," Mbwana akasema. "Hatujui wapi."

"Basi ni yeye," Siamanta akasema. "Lori liliwashusha wazee karibu na boma letu. Mume wangu, Moreto, amewapa kivuli cha zizi la ndama. Kuna mmoja, sijamwona uso, anawatukana Wazigua kuanzia asubuhi, na pale hakuna Mzigua hata mmoja. Tunajiuliza walimfanya nini."

Zamda akaweka mwiko chini. Mbwana alivuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini.

Nauli ilipatikana kwa Grasiana na watu wa swafu ya mbele msikitini. Hata Mustapha alituma kitu, kwa mkono wa mtu mwingine, bila salamu. Mbwana akapanda basi la Handeni pamoja na Siamanta, kisha wakatembea nyikani mahali ambapo vumbi ni jekundu na miiba mirefu kama sindano za magunia. Njiani hakusema mengi. Siamanta alidhani amechoka, akapunguza mwendo.

Ardhi iliyoahidiwa ilikuwa pale kweli, tambarare, na juu yake hakuna hata alama ya jembe. Moreto aliwalaki nje ya boma, mtu mrefu mwenye fimbo begani.

"Nimewaambia wasilime," akasema. "Hakuna mvua, hakuna mbegu, na ng'ombe wangu watakula kitakachoota. Wengine wameshafuata barabara. Waliobaki ni wale ambao miguu imekataa. Tunawapa maziwa yakitosha. Siku nyingine hayatoshi."

Habakuki aliketi kando ya uzio wa miiba, shuka la Zamda mabegani. Alikuwa amepungua. Alipomwona Mbwana uso wake ulifunguka, kisha akaufunga haraka, akachukua silaha yake ya zamani.

"Mzigua. Umekuja kujiuza? Hawa wananunua ng'ombe tu."

Moreto na Siamanta wakamtazama Mbwana wasikie atakavyorudisha. Mbwana akavua kofia yake, akapiga goti moja mavumbini.

"Shikamoo, kaka Habakuki," akasema.

Ndama mmoja akalia.

"Usinifanyie hivyo," Habakuki akasema taratibu.

"Wewe ni mkubwa wangu kwa umri, na tangu uje kwangu sijakuamkia hata siku moja. Nimekuja kukuchukua. Si kukurudisha barazani. Chumba cha Mhina kimefunguliwa, na Mama Mhina ametandika. Nakuomba uingie ndani. Na leo, tafadhali, unijibu bila utani, maana mimi nimekuwa nikijificha humo."

Habakuki alitazama viganja vyake. "Mwanao akirudi?"

"Akirudi atakukuta. Atalala sebuleni kama wageni."

"Mimi ni Mkristo, Mbwana." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. "Nakohoa. Huenda nikafia humo, kwenye nyumba ya mwadhini."

"Ukifia humo nitamwita mchungaji wako, naye atasoma ya kwenu. Kaburini nitafanya kazi ya mtani, nikutukane mpaka watu wa kanisani wakimbie. Lakini hiyo ni siku nyingine. Leo nakuuliza tu kama utaingia."

Mzee alipouliza, aliuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeulizia bei ya kitu ambacho hajapata kuthubutu kukigusa dukani.

"Mlango wake una kitasa?"

"Una kitasa."

"Cha kufunga kwa ndani?"

"Cha kufunga kwa ndani."

"Maisha yangu yote nimelala penye milango ya watu," Habakuki akasema. "Kambini tulikuwa wanane chumba kimoja, na komeo lilikuwa nje." Akainua mkono Mbwana amsimamishe. "Twende, basi. Kabla sijakumbuka kwamba wewe ni Mzigua."

Walipokuwa wakiaga, wazee waliobaki walikuwa wamekaa kwenye kivuli chembamba cha uzio wakiwatazama. Mmoja wao, aitwaye Kaleb, aliyetoka Songea kukata mkonge mwaka mmoja na Habakuki, aliuliza bila chuki yoyote, "Na sisi, mzee, hatuna mtani huko mjini?"

Mbwana alitafuta jibu. Mkononi alikuwa na nauli ya watu wawili, na nyumbani alikuwa na chumba kimoja. Alimshika Kaleb mkono kwa muda mrefu, kisha akauachia.

Wakafika Manundu jua likielekea kuzama. Stendi mpya ilikuwa imefunguliwa, vipande vya utepe viko matopeni, na barabara ya wageni imefagiliwa mpaka pale mtaa wa Bomba Mbili ulipoanzia. Zamda alimpokea Habakuki mlangoni, akampa maji ya kunawa, akampisha apite. Wote wawili, mke na mume, wakasimama sebuleni wasijue wafanye nini na mikono yao. Ndani ya chumba kitanda kililalamika kwa uzito wa mtu. Kisha wakasikia kitasa kikizungushwa, kikafungwa. Kikafunguliwa tena. Kikafungwa.

"Mwache," Zamda akanong'ona, kwa kuwa Mbwana alikuwa anataka kubisha hodi.

Ewe Mola, Mwenye kuhifadhi pasipo ukuta, wahifadhi waliobaki kwenye nyika ile: Kaleb na wenziwe ambao hakuna aliyewafuata. Wateremshie mvua, na kabla ya mvua uwateremshie mtu. Wabarikie Moreto na Siamanta maziwa yatoshe na siku ambazo hayatoshi. Warehemu walio barazani usiku huu, Manundu na kila mji, na uwape masikio wenye kuushika mji wasikie neno hata likija limevikwa kicheko. Na sisi tulio ndani, tufungue mikono kabla hatujaombwa. Amina.